Django ORM baada ya miaka sita: tamu sana kwenye kuunganisha tebo, ila jumla zako zikague kwa mkono

Habari zenu wadau. Leo nataka kuongelea Django ORM, ile zana inayogeuza kodi yako ya Python kuwa maswali ya databesi, na sio Django nzima (fremuweki ya Python ya kutengeneza mifumo ya wavuti), hapana, ile sehemu moja tu ya kuuliza data zilizounganishwa, yaani una tebo hii inamtegemea mtu wa tebo ile, na yule naye yuko chini ya tebo nyingine, sasa unataka kuzivuta zote kwa pamoja bila kuandika SQL, ile lugha ya kuuliza databesi. Nimeitumia miaka sita sasa, kazi za kulipwa kabisa, na naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyobaki nitaeleza nimeikata wapi, na naomba mtu anayetengeneza mfumo wowote wenye pesa za watu asiruke hiyo sehemu.

Ili tuelewane nitatumia mfumo mmoja kama mfano mwanzo mwisho. Nilitengeneza mfumo wa saccos moja mkoani Morogoro, jina naliacha. Kuna matawi, kila tawi lina wanachama, mwanachama anaweka akiba kila mwezi na anaweza kuwa na mkopo mmoja au zaidi, na kila mkopo una marejesho yake. Kwahiyo modeli zangu (kila modeli ni tebo moja) ni Tawi, Mwanachama, Akiba, Mkopo na Rejesho, databesi ni PostgreSQL, na kila modeli inashikana na ya juu yake kwa ForeignKey, yaani kolamu inayobeba namba ya yule wa juu. Yaani ni mfumo wa kawaida kabisa, ukienda kwenye shule utakuta madarasa, wanafunzi na ada, ukienda duka la jumla utakuta wateja, oda na bidhaa, umbo ni lile lile.

Nianze na utamu. Nikitaka mikopo yote ya watu wa tawi la Kihonda naandika hivi:

Mkopo.objects.filter(mwanachama__tawi__jina='Kihonda')

Basi. Soma kama unavyoongea: mkopo, wa mwanachama, wa tawi lenye jina Kihonda. Vile vistari viwili vya chini ndio vinavuka kutoka tebo moja kwenda nyingine, na ORM yenyewe inaenda kutengeneza joini (kuunganisha tebo) mbili huko chini. Na unaweza kwenda kinyume pia, kutoka juu kushuka, mfano Tawi.objects.filter(mwanachama__mkopo__hali='wazi') inakupa matawi yenye angalau mkopo mmoja ambao haujaisha. Hapo sasa ujue tawi litajirudia mara nyingi kadiri lilivyo na mikopo, weka distinct() mwishoni, la sivyo utaona Kihonda mara mia kwenye orodha. Mimi nilitokea kwenye PHP ya kuandika SQL kwa mkono, maswali ya laini ishirini na kitu, ukikosea jina la kolamu moja unatafuta nusu saa, kwahiyo siku ya kwanza kuona hii nilifurahi sana na mpaka leo furaha hiyo haijaisha.

Kitu kingine nilichokipenda ni kwamba QuerySet, yaani lile swali unalolijenga kwa filter, ni ya uvivu, na hapa uvivu ni sifa nzuri. Ukiandika filter haiendi kwenye databesi saa hiyo hiyo, inasubiri mpaka uihitaji data kweli, mfano ukianza kuizungusha kwenye lupu. Kwahiyo unaweza kujenga swali lako kidogo kidogo, hapa unaongeza tawi, pale unaongeza tarehe kama mtumiaji kachagua tarehe, mwisho wa siku inaenda kweri moja tu, yaani swali moja la databesi. Ila kumbuka ukiandika if mikopo: ili ujue kama kuna chochote, hapo itaivuta orodha yote nzima, tumia exists() kama unataka jibu la ndiyo au hapana tu.

Kwa wanaopenda kujua asili ya vitu, Django ilizaliwa kwenye gazeti, Lawrence Journal-World la mji wa Lawrence jimbo la Kansas huko Marekani, Adrian Holovaty na Simon Willison ndio walioianza, ikatolewa kwa watu wote Julai 2005, na jina ni la mpiga gitaa wa jazi Django Reinhardt. Naitaja hiyo ya gazeti kwa sababu ukiijua utaelewa kwanini imekaa hivi ilivyokaa: chumba cha habari hakisubiri, kitu kinatakiwa kiwe hewani leo, ndio maana kila kitu kwenye ORM hii kimewekwa ili uandike haraka. Uzito wa kweri zako utakuja kuuona baadaye mwenyewe.

Sasa ushauri wa kwanza kwa sisi tunaotumia majina ya Kiswahili kwenye modeli. Usipoweka related_name, Django itakupa mwanachama.mkopo_set, inafanya kazi ila haisomeki vizuri. Weka related_name='mikopo' kwenye ForeignKey, hapo utaandika mwanachama.mikopo.all() na mkopo.marejesho.all(), inasomeka kama Kiswahili chetu kabisa. Alafu kumbuka ukishaiweka, hata kwenye filter jina linabadilika, inakuwa mikopo__hali na sio mkopo__hali, watu wengi wanakwama hapo wakidhani kuna bagi. Na kwenye adimini (kurasa za usimamizi zinazokuja na Django) weka verbose_name_plural maana yenyewe kwenye wingi inaongeza s tu mwishoni, utaona Mkopos na Mwanachamas, na kwa mtu wa ofisini ambaye anafungua mfumo kwa mara ya kwanza hiyo inaonekana kama kazi haijakamilika. Kuanzia hapa chini nitakuwa natumia hayo majina ya wingi.

Haya, tuje kwenye shida ya kwanza, ile ambayo kila mtu anaisema. Ukurasa wa mikopo hai, orodha ya mikopo 400, kila mstari unaonyesha jina la mwanachama, tawi lake na kiasi. Kwenye laptopu yangu ulikuwa unafunguka vizuri maana nilikuwa na mikopo kumi na mbili ya majaribio. Tukaupeleka kwenye seva, databesi ikiwa kwenye mashine nyingine, ukurasa ukawa unachukua sekunde tisa. Mama mmoja wa dirisha la mikopo alikuwa anaufungua alafu anaenda kuhudumia mtu mwingine ndio anarudi. Nilipoweka django-debug-toolbar, kifaa kinachokuonyesha kweri za kila ukurasa, nikaona namba: kweri 801. Hesabu yake ni rahisi, kweri moja ya kuvuta mikopo, alafu kwenye lupu kila ukigusa mkopo.mwanachama inaenda databesi kumchukua mwanachama, 400 hizo, na ukigusa mwanachama.tawi inaenda tena, 400 nyingine. Matawi yenyewe yako matatu tu lakini imeyauliza mara 400, kwa sababu kila mwanachama aliyevutwa ni objekti mpya isiyojua kwamba mwenzake ameshauliza. Kila safari ya kwenda na kurudi databesi ikiwa milisekunde kumi tu basi zidisha na 801 utapata sekunde nane kasoro hakuna.

Hii ndio inaitwa N+1, na tatizo lake ni kwamba kwenye kodi haionekani. Unaona nukta tu. mkopo.mwanachama.tawi, nukta mbili, nani angejua kwamba kila nukta ni safari ya kwenda databesi? Dawa yake iko na ni laini moja:

Mkopo.objects.filter(hali='wazi').select_related('mwanachama__tawi')

Kutoka 801 mpaka 1. Sio kumi, ni moja, maana select_related inafanya joini na kuleta mkopo, mwanachama na tawi kwenye swali moja. Ukurasa ukawa chini ya sekunde. Yule mama alinipigia simu kuuliza kama mtandao umebadilishwa.

Lakini select_related inafanya kazi pale tu ambapo upande wa pili ni mmoja, yaani ForeignKey ya kwenda juu au OneToOne (mmoja kwa mmoja). Mkopo una mwanachama mmoja, sawa. Mkopo una marejesho mengi, hapo hapana, unahitaji prefetch_related, ambayo iliingia kwenye toleo la 1.4 mwaka 2012, kabla ya hapo watu walikuwa wanajipanga wenyewe. Yenyewe inatuma kweri ya pili ikiwa na orodha ya namba za mikopo yote, inaleta marejesho yake yote kwa mpigo, alafu Python ndio inayagawa kila rejesho kwa mkopo wake. Kwahiyo ukiweka zote mbili:

Mkopo.objects.filter(hali='wazi').select_related('mwanachama__tawi').prefetch_related('marejesho')

unapata kweri mbili kwa ukurasa mzima, iwe mikopo 400 au 40.

Na hapa kuna mtego ambao umenila mara mbili. Umeshafanya prefetch, umetulia, alafu kwenye lupu unaandika mkopo.marejesho.order_by('-tarehe').first() ili upate rejesho la mwisho. Ile order_by inatengeneza swali jipya, data uliyoileta kwa prefetch inakaa pembeni bila kutumika, na 400 zako zimerudi, tena sasa uko vibaya kuliko mwanzo maana umelipia zote mbili. Filter ni hivyo hivyo. Kilichokuja kwa prefetch kinatumika ukiita all() kama ilivyo. Ukitaka kimepangwa au kimechujwa basi panga huko huko mwanzoni kwa Prefetch('marejesho', queryset=Rejesho.objects.order_by('-tarehe'), to_attr='marejesho_mapya'), alafu kwenye lupu unasoma mkopo.marejesho_mapya ambayo ni listi ya kawaida ya Python. Napendelea sana to_attr kwa sababu listi haina order_by wala filter, anayekuja kurekebisha kodi baada yangu hawezi kuharibu kwa bahati mbaya.

Ila hata hapo jiulize kwanza unahitaji nini. Kama unataka tarehe ya mwisho ya rejesho tu, mikopo 400 yenye marejesho 24 kila mmoja ni objekti 9,600 unazipandisha kwenye memori ili usome tarehe 400. Andika annotate(la_mwisho=Max('marejesho__tarehe')) databesi ikufanyie, ndio kazi yake. Alafu kitu kidogo lakini kinasaidia: ukitaka namba ya mwanachama tu usiandike mkopo.mwanachama.id, andika mkopo.mwanachama_id, ile namba tayari iko kwenye safu ya mkopo haina haja ya kwenda popote.

Hayo yote ya spidi mimi sijakatia nyota. Kitu kikiwa kizito kinaonekana, mtu atalalamika, utafungua toolbar, utahesabu, utarekebisha. Nyota nimeikata kwenye jumla, na hapa naomba twende pole pole.

Waliniomba ripoti moja: kila mwanachama, jumla ya akiba yake, na jumla ya mikopo aliyowahi kuchukua. Nikaandika kama mtu yeyote angeandika:

Mwanachama.objects.annotate(akiba_yote=Sum('akiba__kiasi'), mikopo_yote=Sum('mikopo__kiasi'))

Inasomeka vizuri, haina kosa lolote, inarudi haraka, kweri moja. Nikapeleka. Siku mbili baadaye mhasibu wao, mama mtu mzima aliyefanya kazi ya vitabu tangu enzi za leja za karatasi, akaniita ofisini. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, akaniwekea daftari la mwanachama mmoja mezani na karatasi ya ripoti pembeni yake. Akasema, "Mwanangu, huyu ameweka elfu hamsini mara tatu. Mfumo wako unasema ana laki tatu. Hiyo laki na nusu nyingine kaitoa wapi?" Nikaangalia upande wa mikopo, huyo mtu alichukua 500,000 na 300,000, jumla 800,000, ripoti inasema 2,400,000.

Nilikaa na hiyo karatasi jioni nzima nikiwa na hofu kweli kweli, maana hizi ni pesa za watu waliojinyima. Na jibu ni hili. Ukiunganisha mwanachama na akiba zake tatu, unapata safu tatu. Ukiunganisha tena hapo hapo na mikopo yake miwili, kila safu ya akiba inakutana na kila mkopo, tatu mara mbili, safu sita. Sasa Sum inajumlisha safu zote sita: kila akiba imehesabiwa mara mbili, 150,000 ikawa 300,000, na kila mkopo umehesabiwa mara tatu, 800,000 ikawa 2,400,000. Databesi haijakosea, imejibu ilichoulizwa. Na kwa mwanachama mwenye mkopo mmoja tu akiba yake inatoka sahihi, ndio maana nilipokagua akiba za watu wachache wa mwanzo sikuona kitu.

Nikasoma kwamba Count ina dawa, unaweka distinct=True. Nikaona Sum nayo inakubali distinct=True, ipo tangu toleo la 3.0, nikajaribu. Usijaribu. Yenyewe inaondoa viwango vinavyofanana, kwahiyo yule aliyeweka 50,000 mara tatu ikamwonyesha 50,000. Kwenye saccos ambako karibu kila mtu anaweka kiasi kile kile kila mwezi, hiyo ni mbaya kuliko hata ile ya kwanza.

Dawa ya kweli ni kuzitenganisha, kila jumla iwe na swali lake la ndani, kwa Subquery (swali la ndani) na OuterRef (inayomtaja mwanachama wa swali la nje), hivi vipo tangu 1.11 ya mwaka 2017:

akiba = Akiba.objects.filter(mwanachama=OuterRef('pk')).order_by().values('mwanachama').annotate(j=Sum('kiasi')).values('j')
mikopo = Mkopo.objects.filter(mwanachama=OuterRef('pk')).order_by().values('mwanachama').annotate(j=Sum('kiasi')).values('j')
Mwanachama.objects.annotate(akiba_yote=Subquery(akiba), mikopo_yote=Subquery(mikopo))

Ile order_by() tupu pale katikati ni ya tahadhari, kabla ya toleo la 3.1 mpangilio wa modeli kwenye Meta ulikuwa unaweza kuingia kwenye makundi na kuharibu hesabu, kwahiyo unaufuta. Na asiye na mkopo kabisa atarudi na None, izungushie Coalesce irudishe sifuri kabla hujaipeleka kwenye ripoti. Ndio, imekuwa ndefu, na hapo utamu wa kusoma kama Kiswahili umepungua. Lakini namba ni sahihi.

Maelekezo rasmi ya Django yanasema wazi kabisa kwamba kuchanganya jumla zaidi ya moja kwa annotate kunaweza kuleta majibu yasiyo sahihi, siwezi kusema wameficha. Lakini onyo liko kwenye ukurasa, haliko kwenye kodi. Zana inajua kwamba unajumlisha kupitia mahusiano mawili tofauti ya wengi, ingeweza hata kutoa tahadhari kwenye terminali. Inanyamaza na kukupa namba. Nyota yangu iko hapo na sitairudisha mpaka siku itakaponiambia.

Ndugu yake wa karibu ni hii ya filter mbili. Nataka wanachama wenye mkopo wazi unaozidi milioni moja. Ukiandika .filter(mikopo__hali='wazi', mikopo__kiasi__gt=1000000) zote ndani ya mabano mamoja, maana yake ni mkopo ule ule uwe wazi na uzidi milioni. Ukizitenganisha, .filter(mikopo__hali='wazi').filter(mikopo__kiasi__gt=1000000), maana yake ni awe na mkopo wowote ulio wazi, na awe na mkopo wowote uliozidi milioni, hata kama ni ule aliomaliza kulipa mwaka juzi. Majibu mawili tofauti kwa kitu ambacho kwa macho kinafanana. Na kwa sababu nilisifia kujenga swali kidogo kidogo, ujue hapa ndio linapokung'ata, kipande cha kwanza cha filter kiko kwenye faili hili kingine kiko kule. exclude nayo usidhani inafuata sheria hiyo ya mabano mamoja, haifuati kwenye mahusiano ya wengi, salama yako ni kuandika exclude(mikopo__in=Mkopo.objects.filter(hali='wazi', kiasi__gt=1000000)) hapo hakuna utata.

Kwa maswali ya kuwepo au kutokuwepo mimi sasa hivi natumia Exists tu. Wanachama ambao hawajarejesha chochote siku 90:

Mwanachama.objects.filter(~Exists(Rejesho.objects.filter(mkopo__mwanachama=OuterRef('pk'), tarehe__gte=siku_90)))

Haileti marudio, haihitaji distinct, na ukimwonyesha developa mwenzako anaelewa unachouliza bila kufikiria joini. Unaongezea sharti la mkopo wazi kwa Exists ya pili na ripoti ya wadaiwa sugu imekamilika.

on_delete, yaani nini kitokee kwa vya chini ukifuta cha juu, nitaipitia haraka. Tangu 2.0 lazima uiandike mwenyewe, zamani ilikuwa inachukua CASCADE kimya kimya. Kwenye mfumo wa pesa weka PROTECT, inayokataa kufuta kitu chenye vingine chini yake. CASCADE kwenye tawi maana yake mtu akifuta tawi moja kwenye adimini, wanachama wake, akiba zao na mikopo yao vyote vinaondoka nalo.

Nikilinganisha na wengine, watu wa Laravel (fremuweki ya PHP) wana preventLazyLoading kwenye Eloquent, ORM yao, ukiiwasha alafu ukagusa uhusiano ambao hukuuvuta kwenye orodha inakurushia kosa hapo hapo, na SQLAlchemy, ORM nyingine ya Python, ina raiseload inayofanya kazi ya namna hiyo. Ni kitu kizuri sana, N+1 unaikamata ukiwa bado kwenye laptopu. Django 5.2 ninayotumia haina kitu kama hicho ndani yake. Ninachofanya ni kuandika testi kwa kila ukurasa wa orodha, natumia assertNumQueries, nasema ukurasa wa mikopo kweri ziwe idadi fulani kamili, zikizidi au zikipungua testi inafeli. Testi moja kama hiyo imeshanikamatia mara nyingi mtu akiongeza kolamu mpya kwenye jedwali bila kugusa select_related. SQLAlchemy inakupa uhuru mkubwa zaidi wa kuamua SQL itokeje na kama ripoti zako ni ngumu sana iangalie, ila kwa mfumo wa kawaida wenye adimini, fomu na ripoti, mimi bado nachukua Django bila kusita.

Bei ni bure, leseni ya BSD, na maelekezo yake ya kujifunzia ni kati ya mazuri niliyowahi kusoma kwenye fremuweki yoyote. Na kwa watu wa huku kwetu kuna watu wa kukutana nao uso kwa uso, DjangoCon Africa ya kwanza ilifanyika Zanzibar mwaka 2023 na iliyofuata ikawa Arusha 2025, kwahiyo usijione uko peke yako na kweri zako.

Anayeanza leo achukue 5.2, ni toleo la muda mrefu, marekebisho ya usalama yanaenda mpaka Aprili 2028. Weka debug toolbar siku ya kwanza kabla hata ya kuandika ukurasa wa pili, na jaza data za majaribio nyingi, sio kumi na mbili kama nilivyofanya mimi, weka wanachama mia tano wenye mikopo miwili miwili na akiba za miezi kumi na miwili. Alafu kwa ripoti yoyote yenye Sum, chagua watu watano wenye mikopo zaidi ya mmoja, chukua kikokotoo, jumlisha mwenyewe. Yule mama mhasibu anafanya hivyo mpaka leo kila mwisho wa mwezi, anachukua madaftari matano bila kuniambia ya nani, na mimi nasubiri simu yake kabla sijafunga mwezi kwenye mfumo.